Shavu la Kulia la Simba

Vijana wangu mnaopaka rangi bajaji na mabasi hapa Korogwe, najua mnanicheka. Mnaniona nikipita kwenye gereji zenu, nikisimama kila penye gari lililozibwa kwa magazeti, nikiinama na kupapasa pembeni mwa taa kwa vidole kama kipofu. Juzi mmoja wenu kanipa shikamoo safi kabisa, nikaitikia, halafu nikamsikia akimnong'oneza mwenzake, "Mzee Dami kaja kukagua ndege yake." Mkacheka wote. Chekeni tu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nilishachagua upande wangu zamani.

Ndiyo, nilipaka rangi ndege za kivita za Uholanzi. Ile picha ya sebuleni kwangu Kwamndolwa, ndege ya rangi ya chungwa yenye uso wa simba puani, sikuikata kwenye kalenda. Nilikuwamo kazini siku zote ilipokuwa inapakwa. Mnapenda kuniuliza inakwenda kasi gani, nami hubadilisha mazungumzo. Sasa nimestaafu, sina bosi wa kuniziba mdomo, acha niwaeleze.

Kwanza msidhani nilizaliwa na bunduki ya rangi mkononi. Babu yangu alikuwa manamba, alikuja huku kukata mkonge akabaki. Mama yangu ni Mzigua wa Sindeni. Kazi nilifundishwa na kaka yake mama, Mjomba Saidi, aliyekuwa akipaka malori hukohuko Sindeni, uani kwake, bila ukuta wala paa. Siku moja tulimaliza lori la mwenye duka mmoja, jeupe pee, rangi bado mbichi, mara ng'ombe wa Wamasai wakapita kwenda kunywa maji. Vumbi lote likatua juu ya lori. Mimi nilitaka kulia. Mjomba akalizunguka, akajikuna kidevu, akasema, "Mwambie mwenyewe hii inaitwa rangi ya mchanga, ndiyo inatamba mjini." Na mwenye duka akaipenda! Alipoondoka, Mjomba alinikalisha chini. Hakuwa anacheka tena. Akaniambia, "Dami, umeona? Rangi inamdanganya mtu mzima mchana kweupe. Kitu cha namna hiyo kiogope."

Uholanzi nilifuata mapenzi. Marehemu mke wangu alikuja Korogwe kufundisha wakunga, muda wake ulipoisha nikamfuata kwao na begi moja. Nilianzia kwenye karakana ya malori, na baada ya miaka nikaingia kwenye karakana binafsi iliyokuwa ikipaka ndege za jeshi. Walinichunguza mpaka jina la bibi yangu. Bibi mwenyewe aliposikia naishi huko alidhani ni kwa Wadachi, wale Wajerumani wa zamani, akanitumia salamu kwamba wakinichapa viboko nirudi nyumbani.

Siku ya kwanza kazini nilitamani kweli kurudi. Msimamizi wetu aliitwa Wim, mzee mrefu asiye na maneno, aliyekula mkate na jibini kila siku ya Mungu bila kuchoka. Alinisimamisha mbele ya ndege akanionyesha pembetatu nyekundu iliyochorwa chini ya kioo cha rubani. "Usiguse chochote kilicho karibu na alama hii," akasema. "Chini ya kiti kuna baruti za kumrusha rubani nje. Baruti haijui kama wewe ni rubani au fundi rangi." Siku ile nilifanya kazi huku mgongo umekaza kama mti, na jioni nilishindwa hata kufungua vifungo vya ovaroli.

Ndege ya kivita kwa kawaida ni ya kijivu, ya kufifia, isionekane angani. Ukiisogelea ndipo unaona imejaa maandishi madogo mwili mzima: usikanyage hapa, injini inavuta, vunja hapa kumwokoa rubani. Kila neno hilo lipo kwa sababu mtu fulani aliwahi kuumia. Ubavuni na bawani kuna alama ya taifa lao, duara lililokatwa vipande vitatu, nyekundu, nyeupe na bluu, na kitone cha rangi ya chungwa katikati. Chungwa ndiyo rangi ya ufalme wao. Sasa kikosi kikitimiza miaka kadhaa, au wakitaka ndege ya maonyesho, wanachukua moja ya zile za kijivu na kuivalisha nguo za sherehe: simba, bendera, mabawa ya mwewe, chochote kile. Siku hizi mengi ni stika kubwa zinazochapwa kwa mashine na kubandikwa kama karatasi ya ukutani. Zamani yetu ilikuwa mkono.

Nawapa ufundi kidogo, msije mkasema mzee anajisifu tu. Rangi ya chungwa haisimami juu ya kijivu, itageuka matope. Lazima uanze na nyeupe, nyembamba, iliyopigwa msasa hadi kiganja kiteleze. Halafu usipake nene ukidhani ndiyo uimara. Usukani wa mkiani, lile bapa linalogeuza ndege, ukizidi uzito wa rangi unaweza kutetemeka hewani mpaka ung'oke, na ndege haina pembeni mwa barabara pa kuegesha. Nyinyi mkimaliza basi mnaongeza mkono mmoja wa rangi kumfurahisha tajiri. Kule mkono mmoja wa ziada ulinikosesha usingizi.

Lakini kilichoniogopesha kuliko yote ni vitundu. Pembeni mwa pua ya ndege, kushoto na kulia, kuna vitundu vidogo kama tundu la sindano ya kushonea magunia. Hewa inaingia humo na vipimo vya rubani, kila upande na chake, vinasoma yuko juu kiasi gani. Tulikuwa tunavifunika kwa tepu tusivizibe kwa rangi, na desturi ya karakana yetu ilikuwa kwamba kila kipande cha tepu unakiachia mkia mrefu unaoning'inia. Ndege iliyo tayari kupakwa ilikuwa na mikia kila mahali, imekaa kama jogoo aliyenyonyolewa nusu. Ulikuwa ubaya wenye maana. Mkia unaoning'inia hausahauliki. Na ndege ikishamalizika, Wim alikuwa na desturi yake ya pili: tunavua glavu, tunaigawana ndege, na kila mtu anapapasa sehemu ya mwenzake kwa vidole vitupu. Macho yamezoea rangi, alikuwa akisema, vidole havijazoea.

Basi ikaja ile ndege ya chungwa. Jeshi lilitaka uso wa simba puani, manyoya yakirudi nyuma mpaka kwenye mabawa. Akaajiriwa mchoraji kutoka nje, kijana anaitwa Bram, msanii kwelikweli, siwezi kumnyima haki yake. Alichora simba yule kwa macho makali mpaka ukipita mbele yake unaharakisha. Tatizo ni kwamba mikia ya tepu ilimharibia kazi. Kila alipopuliza rangi mkia uliacha kivuli kwenye manyoya. Akaomba wasaidizi aliokuja nao waikate, tepu ilale sawa na bati. Ikakatwa. Rangi ikapita juu yake, mstari mweusi wa shavu ukapita juu yake, lakeri ya kung'arisha ikapita juu ya vyote.

Kisha lakeri ikachelewa kukauka, maana kulikuwa na unyevu. Wageni wanakuja kesho yake. Wim alipotuita tuvue glavu, Bram alisimama mbele ya pua ameinua mikono kama golikipa.

"Hapana, hapana! Mtaacha alama za vidole. Kamera zitaziona zote."

"Tumeshika kila ndege iliyotoka hapa," Wim akamwambia.

"Hii si kila ndege, Wim. Tepu nimebandua mwenyewe, nimezungukia pande zote."

Wakapandishana mpaka kwa wenye karakana, na wenye karakana wakaona kamera ni muhimu zaidi. Wim akarudi amekunja uso, akavaa glavu zake. Hatukumpapasa yule simba. Nilikwenda nyumbani na wasiwasi usio na jina, ule wa mtu aliyetoka nyumbani hana hakika kama amezima jiko.

Asubuhi meza za keki zilipangwa nje, bendera zikafungwa. Mafundi wa kikosi wakaizunguka ndege kwa tochi, wakitafuta mikia ya tepu. Hawakuona mkia hata mmoja. Rubani alikuwa kijana anaitwa Joost, mwenye uso wa mwanafunzi. Mara nyingi alikuja karakana kutazama simba wake akikua, na kila akija ananisalimia "habari" kwa Kiswahili nilichomfundisha. Siku hiyo alimleta mama yake. Mimi kwa mazoea ya kwetu nikamwita Mama Joost, na yeye akalipenda jina hilo, akawa analirudia. Alikuwa amevaa skafu ya chungwa. Alinishika mkono akaniambia amekaa miaka yote bila kujua ndege ya mwanawe ni ipi, zote za kijivu, zote zinafanana. "Leo nitamwona," akasema.

Nikapiga picha mbili, moja kila upande, nikamtumia dada yangu Zaina hapa Korogwe. Zaina mnamjua, yule wa duka la vitenge. Tangu utotoni hakuna kitu kisicho na kasoro machoni pake, hata harusi yake mwenyewe aliikosoa. Joost akapanda, kioo kikafungwa, na ile ndege ikaondoka kwa mngurumo unaotikisa meno mdomoni. Nyuma yake ikaruka ndege ya pili, ya kijivu, ya kumsindikiza. Mawingu yalikuwa yamelala chini siku ile kama shuka chafu. Simba akaingia mawinguni akapotea. Watu wakapiga makofi. Mama Joost alipiga makofi kuliko wote.

Hapo simu yangu ikalia. Ni Zaina, ujumbe wa sauti, anacheka.

"Wee Dami, nyie mafundi gani? Simba wa upande mmoja ana vipele shavuni, mwenzie hana. Si mngewapa wote vipele basi!"

Mwanzo nami nilicheka. Nikafungua picha ya kushoto, nikaivuta iwe kubwa: shavuni pana vidoa vidogo vyeusi vimejipanga. Nikafungua ya kulia. Nikaivuta. Shavu laini. Nikaivuta tena mpaka picha ikavunjika vipandevipande. Shavu laini kabisa, linang'aa, hakuna kitu.

Vijana wangu, mimi nimefukuzwa na nyati kule Handeni nikiwa mdogo. Haikuwa hofu kama ile. Masikio yaliziba, nikawa naona watu wanakula keki lakini siwasikii. Vitundu vya kulia vilikuwa vimezibwa. Vipimo vya upande mmoja vingesema hivi, vya upande wa pili vile, na Joost yuko ndani ya wingu, haoni ardhi, haoni anga. Ukiwa na saa mbili zisizopatana hujui ni saa ngapi. Yeye asingejua yuko juu kiasi gani, na mwendo wenyewe ni ule.

Na bado, wallahi, kabla sijapiga hatua nilisikia hofu nyingine ikinishika shati. Ikiwa nimekosea? Ikiwa ni mwanga tu umepiga lakeri? Mimi peke yangu mweusi pale, nisimamishe sherehe ya jeshi la watu kwa sababu ya simu kutoka Korogwe? Watanicheka mpaka nistaafu. Hofu mbili zikawa zinanivuta, moja kushoto, moja kulia. Nikamwona Mama Joost ameinua uso mawinguni, mkono juu ya macho, anamtafuta mwanawe. Nikakimbia.

Wim alikuwa ameshika kisahani cha keki. Nikamsukumia simu usoni. "Tazama shavu."

Akatazama. Akaniuliza neno moja tu. "Una hakika?"

"Sina."

Kisahani kikaanguka. Sikuwahi kumwona mzee yule akikimbia, na sikumwona akikimbia tena baada ya siku ile. Alikwenda moja kwa moja kwa afisa mwenye redio, akamshika kola ya sare yake, fikirini, kola ya afisa. Maneno sikuyasikia. Nilimwona afisa akigeuka mweupe, kisha akisema kwenye redio polepole, kwa upole wa mtu anayemwamsha mgonjwa.

Majibu yalipokuja tulikuwa tumeisogelea ile redio tukipumua kwa zamu. Sauti ya Joost ilikuwa imekauka. Alisema ndiyo, vipimo vyake havipatani, alikuwa anajaribu kuelewa kipi kinadanganya. Na alikuwa ameanza kushuka kwa kuamini kile kisicho sahihi.

Bram alikuwa nyuma yangu. Nilisikia akisema, "Nilibandua. Nilibandua zote." Alirudia hivyo hivyo mpaka akakaa chini kwenye saruji. Sikuwa na nguvu ya kumkasirikia. Kulikuwa na nafasi ya hofu tu.

Afisa akamwambia Joost asitazame vipimo vyake tena. Yule wa ndege ya kijivu amtafute, amsogelee, na Joost amshikilie ubavuni, ateremke naye, bawa kwa bawa, akimwamini mwenzake kwa kila kitu. Ikawa kimya. Hamjui kimya ni nini mpaka msikilize redio isiyosema kitu huku mnajua kuna mtu upande wa pili. Nilisoma dua zote za mama na sala zote za baba, sikubagua. Wim alikuwa anajipapasa vidole, kimoja kimoja.

"Simwoni," akasema rubani wa ndege ya kijivu. Kisha hakuna kitu. Kisha, "Simwoni bado."

Mama Joost akaja akasimama kando yangu. "Wanafanya nini sasa?" akaniuliza, anatabasamu. "Kuna mchezo mwingine?"

Nifanye nini? Nikamwambia watarudi pamoja, wawili. Nilisema kama mtu anayejua. Akanishika mkono kwa furaha, kisha akarudi kwa wageni wenzake kwenye meza za keki.

Halafu redio ikasema, kwa sauti ya yule wa kijivu, karibu anapiga kelele: "Namwona! Chungwa, namwona, chini yangu, pandisha, Joost, pandisha!"

Rangi ile. Ndege ya kijivu katika wingu la kijivu asingeiona. Hilo nimeligeuza kichwani miaka mingi na sijui nilifurahie au niliogope: rangi ileile iliyoziba vitundu ndiyo iliyomfanya aonekane.

Walitoka mawinguni bawa kwa bawa, chini sana, chini kuliko nilivyowahi kuona ndege ikiwa na mtu ndani. Magurudumu yakagusa. Wageni wakashangilia, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Sisi wa kwenye redio hatukupiga makofi. Wim alikwenda kwenye pua bila glavu, akaweka vidole kwenye shavu la kulia, akapapasa, akasimama. Akakwangua kwa kucha. Tepu ikatoka na kipande cha simba juu yake, na chini yake vitundu vikaonekana, vimetulia tu.

Joost alishuka ngazi kwa shida. Alimtazama Wim, akaitazama tepu mkononi mwake. Akaenda nyuma ya gurudumu akatapika. Akapangusa mdomo kwa mkono wa ovaroli, akavuta pumzi, akanyoosha mgongo, akatembea kwenda kwa mama yake.

Meno yalikuwa yakimgongana. Tuliyasikia. Mama yake akayasikia pia, akamgusa shavu.

"Juu kule kuna baridi namna hii?" akamuuliza.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Kuna baridi."

Mama Joost akavua skafu yake ya chungwa, akamfunga shingoni, akaikaza vizuri na kuichomeka ndani ya kola kama anayempeleka mtoto shule. Joost aliinamisha kichwa akamwachia. Alinitazama juu ya bega la mama yake.